Bonde la Kinyasungwe Ndogo, Dodoma: maji yamelala tabaka gani, na kisima kiwekwe wapi?

kisima_cha_kijiji aliuliza:

Wakuu, habari za kazi.

Naomba msaada wa wanaoijua jiolojia ya maji ya bonde la Kinyasungwe Ndogo, kaskazini mwa jiji la Dodoma. Kuna mradi wa kisima cha kijiji, nje ya eneo linalolindwa la visima vya Mzakwe, upande ambao mto unaelekea bwawa la Hombolo. Mahitaji ni mita za ujazo 40 kwa siku kwa pampu ya sola. Ukihesabu saa sita na nusu za jua zuri, kisima kinatakiwa kitoe kama mita za ujazo 6 kwa saa.

Eneo lenyewe liko hivi. Katikati ni mbuga ya udongo mweusi, tambarare. Upande wa magharibi ardhi inapanda taratibu kwenye mchanga mwekundu mpaka vilima vya granaiti. Kati ya mbuga na huo mteremko kuna korongo la mchanga ambalo hupitisha maji siku chache tu wakati wa mvua.

Upimaji wa umeme wa ardhini umefanyika sehemu tatu kwa mpangilio wa Schlumberger: umeme unapitishwa ardhini kati ya vigingi A na B, ukinzani unasomwa kwa om-mita, na AB ikirefushwa kipimo kinazama zaidi. Nusu ya AB iliishia mita 100.

Sehemu A, katikati ya mbuga: om-mita 4 hadi 9 tangu juu, na hadi waya unaisha usomaji haujavuka 15.

Sehemu B, ukingoni, mita 60 kutoka korongo: mchanga mkavu wa 180 juu, kisha 35 hadi 60, kisha usomaji unaanza kupanda taratibu nusu ya AB inapopita mita 65.

Sehemu C, mteremkoni: 250 juu, unashuka kidogo hadi 90, halafu unapanda kwa kasi na kuvuka 1,000 kabla ya nusu ya AB kufika mita 40.

Kamati inaitaka A. Nyasi za pale hubaki mbichi muda mrefu baada ya mvua kuisha, na wameambiwa ukinzani mdogo maana yake maji mengi. Mchimbaji mmoja anasema mita 60 zinatosha, mwingine anataka mkataba wa mita 120. Skrini (vipande vya bomba vyenye mikato ya kuingizia maji) zikae wapi, na kisima kijaribiwe vipi ili kisije kukauka mwaka wa pili?

---

Mwamba_Chakavu alijibu:

Mkuu, umefanya vizuri kuweka namba. Nianze na A, maana ndiyo itakayowapotezea fedha.

Ukinzani wa 4 hadi 9 ni mfinyanzi. Udongo mweusi wa mbuga unapitisha umeme wenyewe, na ukiongeza chumvi iliyobaki kila mwaka maji yanapokaushwa na jua, usomaji unazidi kushuka. Maji yamo ndani yake, hilo halina ubishi, hata nusu ya ujazo wa mfinyanzi yaweza kuwa maji. Lakini yameshikwa kwenye vitundu vidogo mno na hayaachiwi. Ukisukuma, utapata asilimia chache tu ya ujazo, tena kwa mwendo wa kinyonga. Nyasi zinabaki mbichi kwa sababu hiyohiyo: udongo umeyashikilia karibu na mizizi. Nyasi hazisemi lolote kuhusu yaliyoko mita 50 chini.

Sasa bonde lenyewe. Chini ya eneo hili lote kuna granaiti na naisi za kale za kratoni ya Tanzania, yaani kipande cha kale na kigumu cha ganda la dunia, umri wake unapita miaka bilioni 2.5. Granaiti nzima haina maji, haina pa kuyaweka. Maji yanapatikana pale ilipooza, yaani ilipomeng'enyuka na kulainika, na pale ilipopasuka. Sehemu nyingi za nchi yetu zenye mwamba wa aina hii, tabaka lililooza ni mita 10 hadi 40 tu, na kisima kikitoa lita moja kwa sekunde watu wanashukuru. Makutupora, eneo la bonde hili lenye visima vya Mzakwe, ni tofauti kwa sababu iko kwenye njia ya tawi la mashariki la Bonde la Ufa. Ardhi imekatwa na nyufa kubwa, ukiwemo ufa wa Mlemu unaopita eneo la visima, na vipande vya mwamba vimeshuka. Kipande kilichoshuka kinabaki na tabaka lake lililooza bila kusombwa na mmomonyoko, kisha kinafunikwa na mashapo kutoka milimani. Ndiyo maana pale Mzakwe kuna visima vinavyotoa zaidi ya lita 10 kwa sekunde kutoka mwamba wa granaiti, na Dodoma imevitegemea kwa miongo mingi. Lakini hali hiyo usiihamishe kijijini kwako kwa sababu tu mko bonde moja. Mita 500 pembeni, kipande kinaweza kuwa hakikushuka, na C yako ndiyo ushahidi: mwamba mzima uko karibu sana na uso wa ardhi.

Ukitoboa ukingoni mwa bonde hili, tarajia kupita tabaka hizi kwa mfuatano. Juu mchanga au mfinyanzi wa mbuga. Chini yake mara nyingi kuna mawe meupe ya chokaa iliyoganda, yanayosumbua mtambo lakini si mwamba, msidanganyike mkadhani mmefika. Kisha mashapo ya mchanga na changarawe yaliyochanganyika na mfinyanzi. Halafu unaingia granaiti iliyooza kabisa, nyeupe au ya kahawia, imejaa kaolini, mfinyanzi mweupe laini. Hii inahifadhi maji mengi lakini inayaachia polepole. Ukizidi kushuka, kaolini inapungua, chembe za kwazi zinakuwa kubwa na kali, unatoka unga unaingia kokoto. Chini kidogo ni mwamba uliopasukapasuka lakini haujaoza sana. Mpaka huo, kati ya kokoto za chini na mwamba wenye nyufa, ndiyo tabaka lenu. Tabaka la juu ni tenki, hili la chini ni bomba lake, kila moja linamhitaji mwenzake. Nyufa bila tenki juu yake hutoa maji mengi kwa wiki moja kisha zinakata.

B ndiyo inayofanana na picha hiyo, ila vipimo vyenu ni vifupi. Nusu ya AB ya mita 100 inakupa habari za mita 35 hadi 50 hivi chini, na mahali penye mfinyanzi hata pungufu ya hapo, kwa sababu umeme unapenda kubaki juu. Rudieni B kwa nusu ya AB ya mita 200 au 250. Nyosheni waya sambamba na ukingo wa bonde, msiukate kuelekea mlimani, la sivyo waya upande mmoja utakuwa juu ya granaiti na mwingine juu ya mbuga na mchoro utawadanganya. Na mkumbuke kwamba 35 hadi 60 ina maana mbili: yaweza kuwa mwamba uliooza wenye maji matamu, yaweza pia kuwa mfinyanzi mwepesi wenye mchanga. Kipimo hakiwezi kutenganisha. Vumbi na matope ya kuchimba ndiyo yatakayoamua.

Kabla ya kuchimba, pimeni pia kwa kukata: mstari unaovuka ukingo kutoka mbuga kuelekea mteremko, waya wa urefu ule ule unahamishwa kila mita 10 hadi 20. Mnatafuta bonde jembamba kwenye usomaji, mahali ukinzani unaposhuka ghafla na kupanda tena. Hapo pana uwezekano wa ufa. Likionekana, msitoboe juu yake moja kwa moja. Nyufa za Bonde la Ufa zimelala kwa mwinamo, mara nyingi nyuzi 60 hadi 70, zikielekea upande ulioshuka. Mkitaka kuupata ufa kwenye kina cha mita 60, kwa mwinamo wa nyuzi 70 sogeeni mita 22 upande wa mbuga, kwa nyuzi 60 sogeeni mita 35. Watu wengi wanaweka kigingi juu ya alama ya ufa, wanachimba wima, na ufa unawapita pembeni.

---

Fundi_Mtambo alijibu:

Naongezea upande wa uchimbaji.

Mita 60 au 120, wote wawili wanakisia. Andikeni mkataba wa bei kwa mita, wenye bei mbili: mita za udongo na mwamba laini, na mita za mwamba mgumu. Muweke na kanuni ya kusimama: mkishaingia granaiti nzima, isiyo na ufa wala mabadiliko ya rangi, mkaenda mita 15 hadi 20 bila maji kuongezeka, simameni. Kuendelea ni kununua shimo. Kama mko pembeni ya ufa na vipande vinavyotoka bado vina kutu ya chuma kwenye nyuso zake, endeleeni, hiyo kutu ni alama kwamba maji yamepita pale.

Kila mita moja chukueni sampuli, ipangwe chini kwa mfuatano na ipigwe picha na kipimo pembeni. Andikeni pia dakika zilizotumika kwa kila mita. Ikiwa mita moja ilichukua dakika tisa na inayofuata dakika tatu, mmeingia kwenye ufa au mwamba uliooza, hata kama vumbi halionyeshi. Maji yakitokea, pimeni mara moja na kila mnapobadili bomba la mtambo. Kipimo rahisi ni ubao wenye mkato wa V wa nyuzi 90: maji yakisimama sentimita 5 juu ya ncha ya mkato ni kama lita 0.8 kwa sekunde, yakisimama sentimita 10 ni lita 4.4. Kwa mahitaji yenu mnatafuta sentimita 7 kwenda juu, na itulie, isiwe ya dakika kumi za kwanza.

Sasa hatari. Mfinyanzi wa mbuga ukilowa unavimba na kulishika bomba la mtambo. Mkiutoboa kwa hewa na nyundo tangu juu, shimo litajifunga au litaporomoka. Pitisheni kesingi (bomba la kushikilia kuta za shimo) ya muda hadi mwamba uliooza wenye kusimama wenyewe, au mchimbe sehemu ya juu kwa matope. Matope yawe ya polima inayooza. Bentonaiti, mfinyanzi unaovimba, ikiingia kwenye kokoto za chini inaziba tundu zilezile mnazozitafuta, na kuisafisha baadaye ni kazi ya siku nyingi. Visima kadhaa vinavyoitwa vikavu vimezibwa na matope ya mchimbaji.

Kwa pampu yenu, shimo la milimita 250 na kesingi ya inchi 6, yenye kipenyo cha nje cha milimita 168. Pembeni mnabaki na nafasi ya sentimita 4, changarawe inashuka vizuri. Changarawe iwe ya kwazi, ya mviringo, milimita 2 hadi 4, iliyooshwa. Kokoto za kuvunjwa na mashine, hasa zenye chokaa, hapana. Hesabu yake: nafasi hiyo inameza mita za ujazo 0.027 kwa kila mita ya kina. Kwa mita 30 za changarawe ni 0.81, ongezeni asilimia 20, leteni mita ya ujazo moja. Imwageni taratibu kupitia bomba jembamba na mpime kina kila baada ya ndoo kadhaa. Changarawe ikiisha mapema kuliko hesabu, shimo limetanuka mahali. Ikibaki nyingi, imekwama njiani na chini kuna pengo, na mchanga utaingia kwenye pampu.

Skrini ziwe na mikato ya milimita moja au pungufu kidogo. Ziwekwe kwenye kokoto za chini na mwamba wenye nyufa, kwa kufuata sampuli, siyo kwa kufuata mchoro wa upimaji. Skrini moja haipaswi kukaa kwenye kaolini, maana itatoa maji ya maziwa miaka yote. Mita 3 hadi 5 za changarawe zipite juu ya skrini ya juu kabisa, kisha mita 2 za bentonaiti ya vidonge, kisha udongo uliochaguliwa, kisha saruji mita 5 za juu. Mbuga yote izibwe nyuma ya kesingi.

Baada ya hapo kisafishwe kwa hewa, kwa kuvuta na kusukuma, hadi ndoo ya lita 20 ikitulia kwa nusu saa isiwe na mchanga chini. Saa nne zinazoandikwa kwenye mikataba mingi hazitoshi kwa mwamba huu.

---

kisima_cha_kijiji aliandika:

Asanteni sana. A nimeifuta, nitawaeleza kamati kama Mwamba_Chakavu alivyoeleza.

Swali: Fundi_Mtambo anasema sehemu yote ya juu izibwe. Lakini pale B, mchanga wa juu uko karibu na korongo, na maji ya mvua yanaingilia hapo. Tukiziba si tunajizuia wenyewe?

---

Kipima_Maji alijibu:

Hapana mkuu. Kinachozibwa ni nafasi ya sentimita 4 kati ya bomba na shimo, ardhi inabaki kama ilivyo. Maji ya korongo yatashuka yenyewe kupitia mchanga hadi kwenye mwamba uliooza, na yatafika kwenye skrini yakiwa yamechujwa. Msipoziba, maji ya juu yatateremka kando ya bomba na kila uchafu uliomo, mavi ya ng'ombe na mkojo wa vyoo vya shimo, bila kupita popote.

Swali lako limegusa jambo muhimu kuliko yote kwenye bonde hili, yaani maji haya yanatoka wapi. Dodoma inapata mvua ya milimita 550 hivi kwa mwaka, wastani, na jua lina uwezo wa kukausha mara tatu au nne ya hiyo. Mvua ya kawaida inayonyesha juu ya mbuga haifiki chini. Mwanzoni inaingia kwenye mipasuko ya udongo, baada ya siku chache udongo unavimba na kujifunga, maji yanasimama juu hadi yakauke. Yanayofika chini ni yale ya mafuriko mafupi kwenye makorongo yenye mchanga pembeni mwa bonde, pale yanapotoka mlimani na kutawanyika kabla ya kufika mbuga. Utafiti uliofanyika Makutupora umeonyesha hivyo: makorongo ndiyo yanayovuja na kulijaza tabaka la maji, siyo mvua iliyotawanyika juu ya uwanda.

Jambo la pili ni kwamba maji hayaingii kila mwaka. Makutupora ina kumbukumbu za kina cha maji tangu miaka ya 1950, ndefu kuliko karibu sehemu zote za ukanda wetu, na zinaonyesha mtindo uleule: miaka kadhaa mfululizo kina kinashuka, halafu unakuja mwaka mmoja wa mvua nzito na maji yanapanda kwa kishindo. Kupanda kukubwa kuliko kote kulifuata mvua za El Niño za 1997 na 1998. Kwa hiyo ukichimba mwezi wa Mei baada ya mwaka mzuri, unapima kisima kikiwa na tumbo limejaa. Jaribuni Oktoba au mwanzoni mwa Novemba kama ratiba inaruhusu. Kama hairuhusu, weka akiba kwenye hesabu.

Jaribio lifanyike hivi. Kwanza pimeni maji yaliyotulia kwa siku nzima kabla ya kugusa pampu. Siku ya pili, hatua nne za dakika 60 hadi 100 kila moja, kwa mfano mita za ujazo 3, 5, 7 na 9 kwa saa, mkiangalia kina kinashuka kiasi gani kwa kila hatua. Kama kutoka hatua ya tatu kwenda ya nne mshuko unaruka maradufu, mmevuka uwezo wa nyufa au skrini. Acheni kisima kirudi, kisha sukumeni kwa kiwango kimoja saa 48 mfululizo, na 72 kama fedha ipo. Saa 6 ambazo watu wengi hufanya zinapima maji yaliyomo ndani ya bomba na mita chache pembeni, basi. Maji yanayotoka yapelekwe kwa bomba angalau mita 100 mbali, kuelekea chini. Yakimwagwa pembeni kwenye mchanga yatarudi kisimani na mtajisifu bure.

Chora mshuko dhidi ya muda kwenye karatasi ya logi. Mstari ukinyooka, soma mshuko wa mzunguko mmoja wa logi, mfano kutoka dakika 100 hadi 1,000. Kama mnasukuma mita za ujazo 6 kwa saa, yaani 144 kwa siku, na mshuko huo ni mita 1.2, basi uwezo wa tabaka kupitisha maji ni 0.183 mara 144 gawa kwa 1.2, ambayo ni karibu mita za mraba 22 kwa siku. Kwa mwamba wa granaiti hiyo ni nzuri. Ila jicho lako likae mwisho wa mstari. Kama baada ya saa 20 au 30 mteremko unakuwa mkali mara mbili, mshuko umefika kwenye ukuta: granaiti nzima ya mteremko, au ufa uliojaa mfinyanzi. Hiyo ndiyo sababu ya visima vinavyofaulu majaribio ya siku moja kisha vinakauka mwaka wa pili. Mkiona hivyo, hesabu yenu ianze na mteremko wa mwisho, ule wa mwanzo muuache.

Tuchukue mfano wa kuweka pampu. Maji yametulia mita 18, mshuko wa saa 48 ni mita 14, jumla 32. Ongeza mita 5 za tofauti ya kiangazi na mita 6 za miaka mibaya mfululizo, unafika 43. Pampu ikae mita 47 au 48, kwenye bomba lisilo na matundu. Ikikaa mbele ya skrini, itavuta mchanga na skrini italika mapema. Na kama ufa mkuu wa maji uko mita 40, hapo pana tatizo, kwa sababu kina kikishuka chini ya ufa, hewa inaingia, chuma kilichoyeyuka kinaganda na kuziba. Punguzeni kiwango cha kusukuma, tumieni asilimia 60 hadi 70 ya kile jaribio lilichoonyesha.

Pamoja na pampu shusheni bomba la inchi moja la kupitishia kamba ya kupima kina. Bila hilo hakuna atakayepima baada ya siku ya uzinduzi.

---

Mwamba_Chakavu alijibu:

Nakubaliana na Kipima_Maji, na nifafanue kuhusu ufa uliojaa mfinyanzi, maana niliusifu ufa juu bila kueleza upande wake wa pili. Kiini cha ufa mkubwa mara nyingi kimesagwa hadi kuwa unga na unga umegeuka mfinyanzi. Ukitoboa humo unapata tope, na maji ya pande mbili za ufa yanaweza kutofautiana kwa mita kadhaa kwa sababu hayapishani. Maji yako kwenye mwamba uliovunjika kandokando, upande ulioshuka. Kwa hiyo kusogea mita 20 hadi 35 kunasaidia mara mbili: mnaukuta ufa kwenye kina sahihi, na kabla ya kuufikia mnapita kwenye mwamba uliovunjika badala ya kuanzia kwenye tope.

---

Maji_na_Madini alijibu:

Msisahau ubora. Beba kipima chumvi cha mkononi wakati wa kuchimba na andika kwa kila maji yanayotokea. Mkianza na mikrosimensi 700 kwa sentimita na ghafla ikawa 2,500, mmeingia maji ya chumvi, na tabaka hilo lizibwe. Kadiri mnavyoshuka kuelekea Hombolo, ambako maji yanakusanyika na kukauka, chumvi ni tatizo kubwa zaidi.

Floraidi haina ladha wala rangi, na kanda ya kati ina maeneo yenye nyingi. Inatoka kwenye madini ya granaiti yenyewe. Maji magumu yenye kalisiamu huizuia isipande, ila maji laini ya sodiamu yenye pH inayozidi 8 ndiyo ya kuyatilia shaka. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Naitreti kikomo ni 50, na ikizidi kwenye kisima kirefu ni dalili ya vyoo vya shimo na mazizi, au kwamba saruji ya juu haikukaa. Sampuli ya maabara ichukuliwe mwishoni mwa saa 48 za jaribio, pampu ikiwa bado inafanya kazi. Sampuli ya siku ya kwanza ni ya maji ya kuchimbia.

Kibali msikiache nyuma. Maji ya ardhini yako chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009, na Kinyasungwe iko kwenye Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Pelekeni na takwimu zenu zote za uchimbaji na jaribio. Anayekuja kuchimba jirani baada ya miaka mitano atazihitaji, na wao wanahitaji kujua nani anasukuma kiasi gani kutoka bonde ambalo mji mzima unalitegemea.

---

Korongo_la_Mchanga alijibu:

Kabla hamjafunga bajeti, pimeni mchanga wa korongo lenyewe. Kisima kirefu kisiwe jibu pekee.

Chukua fimbo ya nondo ya mita 4, pigilia kila mita 10 kuvuka korongo na kila mita 50 kwa urefu, mwishoni mwa kiangazi. Andika kina cha kugonga mwamba au mfinyanzi, na kama ncha imetoka na unyevu. Mkipata mfereji wa upana wa mita 20, mchanga wa mita 2 wenye maji, urefu wa mita 500, hiyo ni mita za ujazo 20,000 za mchanga. Mchanga mkubwa unaachia kama asilimia 20, yaani mita za ujazo 4,000, siku 100 za mahitaji yenu. Jua halinyonyi sana maji yakishakuwa chini ya sentimita 60 hadi 90. Tafuteni mahali mwamba unapokatiza korongo chini ya mchanga, maji yanasimama nyuma yake, na kisima cha pete za zege kikae upande wa juu, ukingoni, nje ya njia ya mafuriko.

Kitakachokula hazina hiyo ni malori ya mchanga. Mchanga ukibebwa hadi mfinyanzi, kina cha kuhifadhia kinaisha na njia ya maji kuingia kwenye tabaka la chini inafungwa, kwa hiyo hata kisima chenu cha B kitaumia. Sheria inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Kijiji kiitumie kwenye korongo hili mapema, kabla ya mchanga kupata mnunuzi.

---

kisima_cha_kijiji aliandika:

Tumepanga hivi: B ipimwe upya kwa nusu ya AB ya mita 250 sambamba na ukingo, mstari wa kukata kila mita 10 kuvuka ukingo, na nondo kwenye korongo mwezi wa Oktoba. Mkataba wa bei mbili kwa mita. Je, mstari wa kukata utumie AB ya urefu gani?

---

Mwamba_Chakavu alijibu:

Fanyeni mara mbili juu ya vigingi vilevile, AB ya mita 100 na AB ya mita 200. Bonde la usomaji likionekana kwenye mstari mfupi tu, ni mfuko wa mfinyanzi juu. Likionekana kwenye mistari yote miwili, na kwenye ule mrefu likasogea kidogo upande wa mbuga, hapo mnao ufa na mnajua pia umelalia upande gani. Ushushe mchoro hapa mkimaliza, pamoja na mahali korongo linapokatiza mstari.